Kamaldine Amfundisha Feza Pikipiki

Mtaani kwao Kasongo hakuna aliyemzidi mzee Kamaldine kwa kujua pikipiki, na jambo hilo alilisema mwenyewe kabla mtu mwingine hajapata nafasi ya kulisema. Kwa miaka kumi na moja alibeba barua za mapadri kutoka Kasongo mpaka Kabambare, yeye Mwislamu mwana wa Waislamu, na mapadri wakamwamini kuliko walivyowaamini waumini wao. Alivuka mito juu ya magogo mawili, alilala Lusangi kwa watu asiowajua, alibeba mbegu, dawa na vyeti vya ubatizo. Kisha Yamaha ya mapadri ikafa, vita vikaja vikapita, na Kamaldine akabaki na sifa zake na pikipiki moja kuukuu ya Kihindi. Sasa hata hiyo hakuipanda tena. Juu ya kifundo cha mguu wake wa kulia palikuwa na kidonda cha sukari kilichokataa kupona, mwaka wa tatu huu, na pikipiki ilikaa uani imefunikwa turubai.

Kidonda kilioshwa kila asubuhi na binti yake, Feza. Alikuwa muuguzi wa miaka thelathini na mmoja, mwembamba, mwepesi wa kucheka. Aliwahi kuolewa Nyangwe, akarudi nyumbani na sanduku moja, na hakuna aliyemsikia akimsema vibaya yule mwanamume. Mama yake alikuwa amefariki. Kaka zake wawili, mmoja Kindu na mwingine Uvira, walipiga simu siku ya Idi na kumuuliza baba hali ya mguu, naye akawajibu kwamba unaendelea vizuri. Hivyo nyumba ile ilikuwa ya watu wawili, na mmoja wao aliamka gizani kuchota maji, kupika, kuosha kidonda, kisha kwenda kituo cha afya kufanya kazi aliyokuwa halipwi sawasawa mwaka wa tano sasa.

Ndipo ikaja habari ya Kabambare. Célestine, mkuu wa wauguzi pale kituoni, alimwita Feza pembeni akamwambia kwamba shirika moja la chanjo linatafuta mtu wa kuzungukia vituo vyote vya upande ule. Kuna mshahara wa kweli, kuna chumba cha kulala chenye mlango na ufunguo wake. Nafasi ni moja. Majina yaliyopita ni mawili, la Feza na la kijana aitwaye Yves, na sharti lililobaki ni pikipiki. Baada ya wiki tatu watapimwa kwenye uwanja wa shule, kila mtu kwa zamu yake, juu ya pikipiki ya shirika.

Feza alifika nyumbani akikimbia, mwanamke mzima, viatu mkononi. Alimweleza baba yake yote kwa pumzi moja. Kamaldine alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: pikipiki zenyewe ni za namna gani.

"Ni Yamaha, baba. Zile nyeupe. Ni sawa na ile yako ya kwa mapadri."

"Basi umefika kwa mwenyewe," alisema Kamaldine. "Nitakufunza."

Hapa lazima nieleze jambo moja la pikipiki, maana bila hilo mtu atadhani mzee huyu alikuwa mkali tu kama baba wengine. Ile ya Kihindi iliyokaa uani, gia zake zote hupandishwa kwa kukanyaga. Unakanyaga kwa vidole, ya kwanza. Unakanyaga tena, ya pili. Tena, ya tatu. Yamaha siyo hivyo. Yamaha unakanyaga ya kwanza peke yake, na kuanzia hapo unaingiza vidole chini ya chuma na kukinyanyua, ya pili, ya tatu, mpaka juu. Ukikanyaga, unashuka. Aliyezoea moja akipewa nyingine huhitaji asubuhi moja ya kuambiwa na kujaribu, basi. Kamaldine alizijua zote mbili. Hakuna mtu katika Kasongo nzima aliyezijua zaidi yake.

Siku ya kwanza hakusema. Nataka kuwa wa haki kwake: huenda siku ile alisahau tu. Alikuwa na furaha ya kufunua turubai, kufuta vumbi, kunusa petroli, na Feza alikuwa akiuliza hiki na kile. Lakini usiku, kitandani, alikumbuka, akajiambia kwamba atasema kesho. Kesho yake Feza, akifunga bendeji, alimwambia kwamba akipata kazi atamleta Malaika, binti wa shangazi yake, akae pale nyumbani na kumuosha mguu, na yeye mwenyewe atakuja kila mwisho wa mwezi. Alikuwa ameshapanga yote. Malaika amekubali, ni msichana msafi, haogopi vidonda. Kamaldine akaitikia kwamba ni vizuri. Na siku ile hakusema, na sasa hakuwa amesahau.

Aliogopa. Tuliseme wazi, aliogopa kufa na mguu unaonuka, akiangaliwa na msichana wa watu atakayeziba pua. Aliogopa jioni za nyumba ile bila kicheko cha Feza jikoni. Hofu hiyo ninaielewa, wazee wengi wanayo. Wengine huwaambia watoto wao: usiende, nakuhitaji. Kamaldine alikuwa na kiburi kikubwa mno cha kuweza kutoa maneno hayo mdomoni. Kumfundisha vibaya binti yake kulimgharimu kidogo kuliko kumwomba.

Na wala hakumfundisha vibaya. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Alimfundisha vizuri sana.

Aliiweka pikipiki juu ya stendi, gurudumu la nyuma hewani, akamketisha Feza, akamfunga macho kwa kitambaa cha kitenge. Yeye alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, mguu mbaya juu ya ndoo iliyopinduliwa, fimbo yake ya kutembelea mkononi. Alisema "panda", Feza akanyage kwa vidole. Alisema "shuka", akandamize kwa kisigino. Panda, panda, shuka, panda. Akichelewa, fimbo ilimgonga kwenye muundi. Haikuwa kwa nguvu siku za mwanzo. Saa nzima kabla ya kazi, saa nzima baada ya kazi, mpaka mguu wa kushoto wa Feza ukawa na alama za buluu chini ya goti, akawa anavaa soksi ndefu kituoni na kumwambia Célestine kwamba ameng'atwa na mbu.

"Muguu yako iko inafikiri," alimwambia. "Kichwa ndo kinafikiri. Muguu inatii tu. Nataka siku ile, hata kichwa ikisema kitu ingine, muguu isisikie."

Wanawake waliopita kwenda sokoni walisimama kwenye ukingo wa ua kutazama. Kamaldine alizidi kuchangamka alipokuwa na watazamaji. Aliwaambia kwamba binti yake amesoma miaka mingi lakini akili zote zimeishia mikononi, hazikubaki hata za kushuka miguuni. Aliwaambia kwamba kuna mbuzi aliowafundisha haraka zaidi. Walicheka, na Feza naye alicheka, kitambaa machoni, kwa sababu alimjua baba yake na alidhani huo ndio upendo wake. Usiku alipaka mafuta ya mawese kwenye muundi.

Wiki ya pili akaanza kupanda barabarani, kwenye kile kipande kilichonyooka nyuma ya msikiti. Alipanda vizuri. Mikono ilikuwa imetulia, macho mbele, na mguu ule ulikanyaga gia kabla mtu hajamaliza kusikia mlio wa injini. Vijana wa teksi za pikipiki waliokaa kando ya meza ya petroli ya chupa walimpigia makofi. Kamaldine aliona, na moyoni mwake palikuwa na vitu viwili, fahari na kile kingine, na havikugombana hata kidogo.

Mmoja wa wale wenye teksi, Djamali, alikuwa mtu mzima mwenye watoto, mpole. Jioni moja alikuja mpaka uani kusalimia. Feza alikuwa juu ya pikipiki amefungwa macho. Djamali alitazama kidogo akasema anasikia mtihani utakuwa wa Yamaha.

"Muzee, kama ni Yamaha, mimi naona vitesi zake, gia zile..."

Kamaldine hakumwacha amalize. Hakupandisha sauti.

"Djamali, ule mama uliangusha kwa njia ya Nyangwe, anatembea sasa?"

Yule mama hakutembea tena, na Kasongo yote ilijua, na Djamali alikuwa akimpelekea unga kila wiki bila kumwambia mtu. Alisimama pale akiwa ameshika kofia yake. Kisha akasema usiku mwema, akaondoka. Feza alifungua kitambaa akauliza Djamali alitaka nini. Baba yake akamjibu kwamba wenye teksi wote ni walewale, mwanamke akijifunza wanataka wote kuwa waalimu, na mwisho wake unajulikana. Akamkataza kuzungumza nao habari za pikipiki. Waalimu wengi huharibu mwanafunzi, alisema. Akaongeza jambo jingine, na hilo alilirudia kila siku mpaka mwisho: siku ya mtihani asimuulize mtu kitu chochote. Anayeuliza anaonyesha kwamba hajui. Apande, aondoke.

Feza aliitikia. Alikuwa mwanafunzi msikivu kuliko wote ambao Kamaldine alipata kuwa nao.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kamaldine alitaka kwenda. Angeweza kubaki nyumbani, mguu ulikuwa sababu tosha, lakini alivaa kanzu yake nyeupe na kofia, akapakiwa nyuma ya pikipiki ya jirani, mguu mbaya umenyooshwa pembeni na kufungwa mfuko wa plastiki ili usiingie vumbi. Feza alimshukuru kwa kuja. Walimletea benchi kutoka darasani, akakaa kwenye kivuli cha ukuta, na watu wakamsalimia kwa heshima kama mwalimu wa mmoja wa watahiniwa.

Msimamizi alikuwa bwana Ayoubu, mtu wa magari na pikipiki wa lile shirika, mwenye kalamu mbili mfukoni. Yves alikuwa amefika kutoka Kabambare siku mbili kabla. Aliomba asitangulie. Ayoubu akasema mama aanze.

Yamaha ililetwa, nyeupe, sanduku la baridi la chanjo limefungwa nyuma. Ayoubu alimuuliza Feza kama pikipiki hii anaifahamu.

"Nimefundishwa, bwana," alisema Feza.

Aliwasha kwa teke moja. Alikanyaga ya kwanza, ikaingia, akaondoka taratibu, mgongo umenyooka. Célestine, aliyekuwa amekuja kumtia moyo, alipiga makofi. Injini ikaanza kulia, inaomba gia ya pili, na mguu wa Feza ukakanyaga. Hakukutokea kitu. Ukakanyaga tena. Injini ikazidi kupiga kelele, ile kelele ya mnyama anayechinjwa vibaya, uwanja mzima ukageuka. Watoto wa shule waliokuwa kwenye madirisha wakaanza kucheka.

Pale kwenye benchi Kamaldine alikuwa na neno moja tu la kusema. Nyanyua. Lingefika, hakuwa mbali, na sauti yake ilikuwa bado sauti ya mtu aliyeita vivuko kutoka ng'ambo ya mto. Alihisi neno limekaa tayari kwenye ulimi. Alilimeza, na baada ya kulimeza alijisikia ametulia kabisa, na huko kutulia sitamsamehe.

Ayoubu alikuwa akimwonyesha kwa mkono, juu, juu. Feza akaelewa nusu. Akaingiza vidole chini ya chuma akanyanyua kidogo, mguu ukigoma, na pikipiki ikaangukia katikati ya gia mbili, ikawa inakwenda bure bila injini kuivuta. Akaona inakimbia bila kumtii. Na mguu, uliofundishwa kutofikiri, ukafanya ulichofundishwa. Ukakanyaga. Ya kwanza ikaingia kwa mwendo mkali, gurudumu la nyuma likafunga, pikipiki ikalala ubavu na kumburuta juu ya changarawe mpaka karibu na goli.

Aliinuka mwenyewe. Kiganja cha kulia kilikuwa kimechunika, na bomba la moshi lilikuwa limemchoma shavu la mguu. Kitu cha kwanza alichofanya ni kufungua sanduku la baridi kuona kama chupa za maji walizoweka mahali pa chanjo zimevunjika. Mbili zilikuwa zimevunjika.

Ayoubu hakuwa mtu mbaya. Alimweleza mbele ya wote kwamba pikipiki hii, baada ya ya kwanza, inanyanyuliwa, akachuchumaa akamwonyesha kwa mkono wake. Célestine alimsihi ampe nafasi nyingine, naye akakubali. Feza akafunga kiganja kwa kitambaa, akapanda. Alikuwa akijisemea kwa sauti, wote walimsikia: nanyanyua, nanyanyua, nanyanyua. Akaondoka. Injini ikalia. Kichwa chake kilijua, mdomo wake ulikuwa ukisema, na mguu ukakanyaga. Ukakanyaga mara tatu. Alizima injini mwenyewe katikati ya uwanja, akashuka, akaisukuma pikipiki kwa mikono mpaka alipokuwa Ayoubu, akamkabidhi.

Yves alipanda vibaya. Aliyumba, alisahau kuangalia nyuma, alikaribia kugonga mlingoti wa bendera. Lakini aliwahi kuazima Yamaha ya mjomba wake, na alinyanyua. Nafasi akapewa yeye, na Ayoubu akaandika jina lake kwa kalamu moja kati ya zile mbili.

Walirudi nyumbani. Feza hakulia njiani. Alipofika alichemsha maji, akachota chumvi, akakaa kwenye kigoda mbele ya baba yake na kuanza kufungua bendeji, kwa sababu asubuhi ile kwa haraka ya mtihani kidonda kilikuwa hakijaoshwa. Maji ya chumvi yalimwingia kwenye kiganja kilichochunika. Aliuma meno, akabadilisha mkono, akaendelea na wa kushoto. Aliosha kidonda chote kwa upole wake wa siku zote, akakikausha, akafunga bendeji mpya. Kamaldine alitazama utosi wake. Alikuwa amepata alichotaka, kipo pale chini kwenye kigoda, na hakitakwenda popote.

Kisha Feza akauliza, bila kuinua uso. Hakuuliza kama mtu anayeshitaki. Aliuliza kama mtu aliyepoteza kitu ndani ya nyumba.

"Baba, ile mambo ya kunyanyua. Uliniambia?"

Mlango ulikuwa wazi mbele ya Kamaldine. Hata aibu isingekuwa kubwa. Angesema nilisahau, mimi ni mzee, na binti huyu angemfariji yeye.

"Nilikuambia," alisema. "Siku ya kwanza kabisa. Lakini weye hausikiaka."

Feza alikuwa akiitafuta siku ile ya kwanza, turubai likifunuliwa, harufu ya petroli, maswali yake mengi. Alitafuta kwa bidii, na kwa kuwa aliyemtuma kutafuta alikuwa baba yake, akapata.

"Kweli," alisema. "Naona kama nakumbuka. Uliniambia."

Akamwaga maji machafu nje, akarudi, akapiga magoti mbele yake, kile kiganja kibovu amekiweka juu ya kingine.

"Unisamehe, baba. Wiki tatu nilikuchokesha bure."

Na Kamaldine akamsamehe.